Maneno marefu si adui: somo juu ya mtihani wa Kiingereza wa kuingia doktora



Safari hii somo letu la lugha linahusu mtihani ambao wengi wenu wataona uko mbali sana: mtihani wa Kiingereza anaoufanya mtu akitaka kuingia masomo ya doktora. Mtasema: «Sisi hata Egzetat hatujaipata, mnatuambia doktora ya nini?» Swali ni la haki, nasi tunalijibu mara moja. Mtihani ule uko na sehemu mbili ambazo mtu hawezi kuzitayarisha kwa miezi mitatu: kujua maneno, na kusoma. Anayeanza akiwa na miaka 30, na kazi, na watoto, na kodi ya nyumba, anateseka sana. Anayeanza hapa shuleni na kaye moja na biki moja anafika kule na mzigo mwepesi.

Tena katika mji wetu tuko na watu wengi waliomaliza chuo kikuu na alama nzuri, wanaofundisha, wanaosaidia wagonjwa, wanaopima udongo na maji ya ziwa, lakini mlango wa doktora umefungwa mbele yao kwa sababu moja tu, ndiyo Kiingereza. Akili hawakukosa. Tunaandika ili msikutane na mlango ule siku moja mkiwa mikono mitupu.

1. Sisi tunasoma kwa Kifaransa, Kiingereza cha nini?

Ni kweli, katika vyuo vikuu vyetu vya Bukavu, kama vile Université Officielle, Université Catholique na Université Évangélique en Afrique, mwalimu anafundisha kwa Kifaransa. Lakini tazameni jirani zetu. Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba masomo ya shule yafanywe kwa Kiingereza. Makerere kule Kampala, vyuo vikuu vya Nairobi na vya Dar es Salaam, vyote vinafundisha kwa Kiingereza. Umoja wa Afrika ulianzisha chuo kikuu chake, Pan African University, na tawi lake la sayansi na teknolojia liko Juja nchini Kenya. Huko pia ni Kiingereza. Hata Ubelgiji, ambako wazee wetu walizoea kwenda na Kifaransa chao, vyuo vya upande wa Flandria kama Leuven na Ghent vinafanya kazi nyingi za doktora kwa Kiingereza. Na tangu mwaka 2022 nchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo mikutano na barua nyingi ni za Kiingereza.

Liko jambo kubwa kuliko hayo. Hata anayeandika doktora yake kwa Kifaransa, hapa hapa Bukavu, lazima asome yale ambayo wengine wamekwisha kuandika. Na mambo mengi juu ya nchi yetu yameandikwa kwa Kiingereza. Ugonjwa wa Ebola ulipotokea Yambuku mwaka 1976, taarifa kubwa ya wataalamu ilitolewa mwaka 1978 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, kwa Kiingereza. Mwaka 2016 makala iliyoonyesha namna gorila wa Grauer, wale wa Kahuzi-Biega na misitu ya karibu, walivyopungua sana, ilitoka kwa Kiingereza. Basi mtoto wa Kabare au wa Kalehe asiyesoma Kiingereza atahitaji mtu wa mbali amwambie yaliyo nyuma ya nyumba ya baba yake. Hilo ni jambo la kusikitisha.

Wala msiseme kwamba Mkongomani aliyelelewa kwa Kifaransa hawezi. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 katika mji unaoitwa leo Likasi, akapata doktora yake Louvain mwaka 1970, yote kwa Kifaransa. Baadaye alikwenda Marekani, na kitabu chake kilichojulikana zaidi ulimwenguni, «The Invention of Africa» cha mwaka 1988, alikiandika kwa Kiingereza. Alifariki mwaka 2025, na wanafunzi wa Afrika na wa mbali wangali wanamsoma.

2. Mtihani wenyewe uko namna gani?

Mitihani inayojulikana zaidi ni miwili. TOEFL ilianza mwaka 1964 na inatoka Marekani. IELTS ilianza mwaka 1989, na Waingereza na Waaustralia ndio walioitunga pamoja. Vyuo vingine vinatunga mtihani wao wenyewe. TOEFL imebadilishwa umbo mara kadhaa. Kwa hiyo anayetaka kuifanya atafute kwanza maelezo mapya, asitegemee kitabu cha kaka yake cha miaka kumi iliyopita.

Tuchukue IELTS ile inayoitwa Academic, ndiyo ya watu wa chuo kikuu. Sehemu ya kusoma iko na maandiko matatu marefu, maswali 40, na dakika 60. Pigeni hesabu: dakika 20 kwa andiko moja, dakika moja na nusu kwa swali moja, na saa ya kusoma andiko lenyewe imo humo humo. Hupati kamusi. Ukikosea jibu hukatwi alama, basi usiache swali lolote tupu. Lakini ukiandika neno na herufi zake vibaya, jibu linahesabiwa kuwa kosa. Alama ya juu ni 9, na vyuo vingi vinataka 6.5 au 7 kwa mtu wa doktora. Alama hiyo inakubaliwa kwa miaka 2 tu, kisha inakufa.

Sasa mtaona kwamba mtihani huu si mgeni kabisa. Egzetat yetu, iliyoanza mwaka 1967, nayo inawapa andiko na kuwaambia mchague jibu moja kati ya mengi. Tofauti ni urefu, na mwendo. Anayesoma pole pole, neno kwa neno, kidole juu ya mstari, atafika nusu ya njia na saa imekwisha.

3. Maneno mangapi yanatosha?

Wanafunzi wengi wanafikiri kwamba Kiingereza ni bahari isiyo na mwisho, basi wanakata tamaa mbele ya kamusi. Lakini wataalamu wamehesabu. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West, aliyefundisha miaka mingi Bengali, alitoa orodha ya maneno karibu 2000 yanayotumika zaidi. Mwaka 2000, kule New Zealand, Bi. Averil Coxhead alitoa orodha nyingine ya jamaa 570 za maneno yanayorudi rudi katika maandiko ya chuo kikuu, iwe ni sheria, biolojia au uchumi. Aliona kwamba orodha hizo mbili pamoja zinafunika karibu maneno 86 katika kila 100 ya maandiko hayo.

Tunasema «jamaa za maneno» kwa maana maneno yanazaa. Katika Kiswahili, toka «soma» tunapata msomaji, somo, masomo, kisomo, somesha, someka. Hakuna mtu anayeyashika moja moja kama mawe. Anajua mama, anawatambua watoto. Kiingereza ni vile vile: «analyse», «analysis», «analyst», «analytical» ni nyumba moja.

Je, maneno 86 katika 100 yanatosha? Hapana, bado. Mwaka huo huo wa 2000, watafiti Hu na Nation waliwapima wasomaji kwa hadithi, wakaona kwamba ili mtu aelewe vizuri bila msaada inafaa ajue karibu maneno 98 katika kila 100. Ni kusema, neno moja gumu katika maneno hamsini. Yanayobaki yatatoka wapi? Mengi yatatoka katika kusoma kwenyewe. Na mengine mengi, wapenzi, mnayo tayari ndani ya mfuko bila kujua.

4. Maneno marefu ni ndugu zetu

Mwaka 1066 watu wa Normandie, waliosema aina ya Kifaransa, walivuka bahari wakaishinda Uingereza. Kwa muda mrefu wakubwa wa nchi ile, mahakimu na watu wa mfalme, walitumia Kifaransa. Watu wa elimu nao walitumia Kilatini. Ndiyo sababu maneno ya elimu ya Kiingereza yanafanana sana na yale mnayoandika kila siku katika kaye zenu za biolojia na historia.

Tazameni: «method» ni méthode, «hypothesis» ni hypothèse, «factor» ni facteur, «environment» ni environnement, «consequence» ni conséquence. Tena kuna njia za kugeuza mwisho wa neno. Panapoishia -té katika Kifaransa, mara nyingi Kiingereza kinaishia -ty: sécurité inakuwa «security». Panapoishia -ique, mara nyingi ni -ical au -ic: politique inakuwa «political». Panapoishia -ment kwa neno la namna, ni -ly: généralement inakuwa «generally». Panapoishia -eux, mara nyingi ni -ous: dangereux inakuwa «dangerous».

Basi neno refu likikutokea katika mtihani, usikimbie. Liulize: «Wewe, Kifaransa chako ni kipi?» Mara nyingi litajibu. Katika jambo hili mwanafunzi wa Bukavu amemtangulia mwenzake asiyejua Kifaransa. Ile lugha tuliyodhani inatufungia njia ndiyo ngazi yetu.

5. Lakini kuna marafiki wa uongo

Ndugu wengine ni wa sura tu. Mwalimu wa Kifaransa anawaita faux amis. Haya hapa machache ambayo yanaangusha watu wengi. Yaandikeni katika kaye:

«Actually» maana yake ni kwa kweli. Sasa hivi ni «now» au «currently».
«Eventually» ni mwishowe, baada ya muda. Si pengine.
«Library» ni maktaba. Duka la vitabu ni «bookshop».
«Lecture» ni somo la mwalimu wa chuo kikuu. Kusoma ni «reading».
«Attend» ni kuhudhuria. Kungoja ni «wait».
«Assist» ni kusaidia.
«Evidence» ni ushahidi.
«Physician» ni daktari. Mtu wa fizikia ni «physicist».
«Sensible» ni mwenye busara. Mwepesi wa kuguswa ni «sensitive».
«Large» ni kubwa. Pana ni «wide».
«Demand» ni kudai kwa nguvu. Kuomba ni «ask».

Mtaona hatari yake katika mfano huu: «The researcher eventually found the evidence in the library.» Anayesoma na masikio ya Kifaransa atasema: huenda mtafiti alipata jambo lililo wazi katika duka la vitabu. Kumbe maana ni: mwishowe mtafiti alipata ushahidi katika maktaba. Sentensi moja, makosa matatu, na mtu ametoka na furaha akisema maneno yote alikuwa anayajua.

6. Maneno mafupi ndiyo yanaangusha wakubwa

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Tumezoea kuogopa maneno marefu, na yale mafupi tunayaruka kama vijiwe vya njiani. Lakini mengi ya maneno mafupi hayafanani na Kifaransa hata kidogo. Ni ya Waingereza wenyewe wa zamani. Na mafupi hayo ndiyo yanayobeba mawazo: yanasema kama jambo ni kweli au si kweli, ni sababu au ni matokeo, ni lazima au ni pengine.

Kiswahili nacho kiko vile. «Akija», «asipokuja», «angekuja»: shina ni moja, lakini habari ni tatu tofauti. Mgeni asiyeshika -ki-, -sipo- na -nge- hawezi kutufahamu, hata ajue majina ya vitu vyote vya soko la Kadutu.

Shikeni haya kwanza:

«Although» ni ingawa. «Despite» ni licha ya. «However» na «nevertheless» ni hata hivyo, lakini. «Whereas» ni ilhali upande mwingine. «Unless» ni ila kama. «Provided that» ni mradi. «Rather than» ni badala ya. «Therefore» ni kwa hiyo. «May» na «might» ni huenda. «Hardly» ni kwa shida sana, karibu hapana. Angalieni, haina kazi na «hard», nguvu.

Tazameni pia namna herufi moja inavyogeuza habari. «A few farmers used the new seed»: wakulima kadhaa walitumia mbegu mpya. «Few farmers used the new seed»: wakulima wachache tu, yaani karibu hakuna. Katika sentensi ya kwanza mwandishi anafurahi. Katika ya pili analalamika. Mtunga maswali anajua mtego huo, naye anauweka mahali unapopita.

Kuna tena vitenzi vinavyotembea na neno dogo nyuma. «Carry» ni kubeba, lakini «carry out a study» ni kufanya utafiti. «Point out» ni kuonyesha jambo. «Rule out» ni kusema kwamba jambo fulani haliwezekani. «Account for» ni kueleza sababu ya jambo, au kuwa sehemu fulani ya kitu. Hivyo mvishike pamoja kama mume na mke. Mkiwatenganisha, maana inapotea.

7. Kaye, karatasi ndogo na boksi

Tangu Februari 2025 mji wetu umepita katika siku nzito, na wengi wenu mlipoteza majuma ya masomo. Umeme nao unakuja na kuondoka. Kwa hiyo njia tunayowapa haihitaji umeme wala intaneti. Mwenye simu na mtandao, vizuri, atumie. Asiye navyo asijione yuko nyuma.

Katika mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu juu ya kusahau. Alijipima mwenyewe, akaona kwamba mtu anasahau upesi sana katika saa na siku za kwanza, kisha pole pole. Dawa yake ni kurudia, na kurudia kwa kuachana siku. Ndiyo sababu kukesha usiku mmoja na maneno mia moja ni kazi ya bure: asubuhi yamekwisha kutoroka.

Fanyeni hivi. Kateni karatasi ndogo. Upande mmoja andikeni neno la Kiingereza ndani ya sentensi fupi, si peke yake. Upande wa nyuma andikeni maana yake kwa Kiswahili au Kifaransa. Chukueni boksi tupu, hata la sabuni, mligawe vyumba vitano. Njia hii ilielezwa na Sebastian Leitner mwaka 1972. Karatasi zote zinaanza chumba cha kwanza, kinachosomwa kila siku. Ukijibu sawa, karatasi inapanda chumba cha pili, cha kila siku tatu; kisha cha tatu, cha kila juma; cha nne, cha kila majuma mawili; cha tano, cha kila mwezi. Ukikosea, hata kama ilikuwa imefika chumba cha tano, inarudi chumba cha kwanza kama mwanafunzi aliyeanguka.

Maneno mangapi kwa siku? Matatu tu. Msicheke. Orodha zile mbili ni 2000 na 570, jumla 2570. Kwa maneno matatu kila siku ni siku 857, ndiyo miaka miwili na miezi minne. Mwanafunzi anayeanza Septemba akiwa mwaka wa pili wa humanités atamaliza karibu na Januari ya mwaka wa nne, kabla ya Egzetat. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hakijai kama unaweka leo na kusahau mwezi mzima.

Kwa walimu na wakubwa walio na mtihani karibu, wenye miezi sita tu: mnajua tayari maneno mengi ya kawaida. Anzeni na orodha ya Coxhead. Kwa maneno manne kila siku inakwisha katika siku 143, na mnabaki na zaidi ya mwezi mmoja wa kufanya mitihani ya mazoezi na saa mezani.

8. Namna ya kusoma

Kusoma kuko kwa aina mbili, na zote mbili zinatakiwa. Ya kwanza ni kusoma kwa wingi: kitabu chepesi, hadithi, gazeti, bila kamusi, kwa dakika 20 kila siku. Ukikutana na neno gumu, lipite. Likirudi mara ya tatu, ndipo uliandike. Anayefungua kamusi kwa kila neno hasomi, anachimba. Kitabu unachokijua tayari kwa Kiswahili ni kizuri kwa kuanza. Wengi wetu tunajua Injili ya Marko. Isomeni kwa Kiingereza, lakini katika tafsiri ya siku hizi, maana ile ya mfalme James ni ya mwaka 1611, na Kiingereza chake si cha mtihani.

Ya pili ni kusoma kwa makini: andiko fupi, maswali, na saa. Pitieni kwanza kichwa na sentensi ya kwanza ya kila fungu, ili mjue njia inakwenda wapi. Kisha someni maswali. Kisha rudini katika andiko mkitafuta. Jibu lisipopatikana kwa dakika mbili, wekeni alama, endeleeni.

9. Zoezi

Tumetunga andiko hili juu ya ziwa letu. Someni kwa dakika tano bila kamusi.

«Although Lake Kivu appears calm, its deep water holds a large amount of dissolved gas. Most of this gas is carbon dioxide; the rest is mainly methane, which can be burned to produce electricity. The gas remains in the depths because the lower layers, being saltier and denser, hardly mix with the water above. On the Rwandan shore, the KivuWatt plant has produced power from the methane since the end of 2015. Removing the gas may also reduce the risk of a sudden release, provided that the layers are not disturbed.»

Sasa semeni kwa kila sentensi kama ni Kweli, Uongo, au Haikusemwa.

a) Sehemu kubwa ya gesi ya ziwa ni methani.
b) Maji ya chini na maji ya juu yanachanganyika kwa nguvu.
c) Umeme wa KivuWatt unafika Bukavu.
d) Kuondoa gesi kutapunguza hatari hata tabaka za maji zikivurugwa.

Majibu. (a) Uongo. «Most of this gas is carbon dioxide»; methani ni katika ile inayobaki. Aliyejibu Kweli alikumbuka yale tunayosikia kila siku juu ya methani, hakusoma. (b) Uongo. «Hardly mix» ni kwamba karibu hayachanganyiki. Aliyeona «hard» akafikiri nguvu ameanguka katika mtego wetu wa namba 6. (c) Haikusemwa. Pengine unajua jibu, pengine mjomba wako anafanya kazi ya umeme, haifai kitu. Mtihani haukuulizi unajua nini, unakuuliza andiko limesema nini. Hapo ndipo watu wenye elimu nyingi wanapoteza alama, kwa sababu wanajibu na vichwa vyao. (d) Uongo. Neno «may» linasema huenda, na «provided that» linasema mradi tabaka zisivurugwe.

Angalieni sasa: ni maneno gani yaliyoamua majibu? Ni «most», «hardly», «may», «provided that». Hakuna hata moja lililo refu la kutisha. «Carbon dioxide» na «methane» hayakumsumbua mtu. «Denser», ambalo labda hamkulijua, mlilipata kupitia Kifaransa dense, na jirani yake «saltier», toka «salt», chumvi.

10. Neno la mwisho

Tunawaomba kila darasa lichague wanafunzi wawili wa kutunza boksi moja la darasa, na mwalimu wa Kiingereza apitie karatasi mara moja kwa juma ili makosa ya herufi yasizoeleke. Walio na kamusi wawaachie wenzao wakati wa mapumziko. Aliyepata andiko zuri fupi juu ya mji wetu, ziwa letu au milima yetu alete, tutalitungia maswali.

Hatusemi kila mmoja wenu atafanya doktora. Wengine watakuwa wauguzi, wengine wafanyabiashara, wengine mafundi. Lakini anayeshika maneno matatu leo hatakuja kuambiwa siku moja, mbele ya dirisha la ofisi ya mbali, kwamba diploma yake ni nzuri ila lugha imepungua. Usiku wa leo, kabla ya kulala, kateni karatasi tatu za kwanza. Andikeni: «although», «unless», «hardly».

Kazi njema kwenu nyote.